Baiskeli ya Mzee Jilala na Chapa ya Mfalme

Hapa Nyamuswa hakuna mtu mbaya aliyewahi kufa. Kama huamini, njoo usome makaratasi ya Gody.

Gody ana duka la steshenari linalopakana ukuta na kibaraza changu cha cherehani. Anatoa kopi, anataipu barua za kuomba kazi, anapiga watu picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu ambalo nilimshonea mimi na hajawahi kunishukuru. Lakini kazi inayompa jina ni nyingine. Mtu akifa, turubai likiwa bado halijafungwa, wafiwa wanamtuma mtu kwa Gody akaandikiwe wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kaburini kabla mwili haujashushwa. Wafiwa wanaleta jina, mwaka wa kuzaliwa wa kukisia na idadi ya wajukuu. Mengine Gody anayo tayari kwenye kompyuta. Marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi, na ameacha pengo lisilozibika. Mara moja alisahau kubadilisha maneno, tukamzika katekista mzima kwa sifa za mkunga. Watu walisikiliza kwa utulivu kabisa. Nani ataanza kubishana na karatasi shimo likiwa wazi?

Nami nikimsema Gody sijiweki pembeni. Baba yangu mzazi alikuwa akitutandika kwa fimbo ya ng'ombe mpaka majirani wanafunga madirisha. Kwa Gody aliondoka akiwa "mlezi aliyependa nidhamu na kuwakumbatia wanawe". Nilikaa pale msibani nikalia kwa kwikwi. Nilikuwa namlilia yule wa kwenye karatasi, ambaye sikubahatika kumpata. Karatasi ile ninayo mpaka leo, nimeitia kwenye plastiki.

Sasa, Mzee Jilala wa ng'ambo ya kalvati alipofariki, mwanawe mkubwa, Elias, alikuja kwa gari kutoka Mwanza, ambako ni mkandarasi wa barabara. Alimwambia Gody neno moja tu: baba yake asizikwe kama mtu wa kawaida. Tatizo ni kwamba Mzee Jilala alikuwa mtu wa kawaida. Alilima pamba, alifuga ng'ombe, alikunywa kiasi, hakugombana na mtu. Gody alikaa mbele ya kompyuta yake asubuhi nzima, kisha akaja kwenye cherehani yangu.

"Dada Matrida, wewe mzee unamkumbukaga kwa lipi?"

"Kwa kukokota baiskeli," nikamwambia.

Na ni kweli, wote tulimkumbuka hivyo. Siku ya gulio utamwona anatokea pale kalvati, kofia kichwani, shati la kaunda limenyooshwa, ameshika usukani wa baiskeli kubwa nyeusi anaikokota polepole. Mkewe Hana anamfuata nyuma na mzigo wake kichwani. Hakuna aliyewahi kumwona mzee ameipanda. Ukimuuliza anakujibu kwamba ina pancha. Ilikuwa na pancha tangu mimi niko darasa la kwanza.

Gody alirudi kwenye kompyuta na safari hii hakuhitaji kusaidiwa. Siku ya mazishi tukasikia kwamba marehemu, katika ujana wake, alikuwa tarishi wa jeshi la Waingereza katika vita kuu. Alipeleka barua za siri kwa baiskeli huku risasi zinapita, na ofisa wa Kizungu akamkabidhi baiskeli ile kwa mkono wake mwenyewe. Tena kwa kuheshimu mali ya Mfalme, hakuipanda mbele ya wazee wenzake mpaka Mungu alipomwita. Tuliposikia hapo, vichwa vikatikisika msiba mzima. Kumbe ndiyo maana! Wazee waliokua naye wakaanza kukumbuka siku aliyoondoka kwenda vitani. Mmoja akakumbuka kwamba alimsindikiza.

Hana alikuwa mkekani, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Lilipofika neno la baiskeli aliinua uso akamtazama Gody, akamtazama sana, kisha akauinamisha tena. Tukasema ni uchungu.

Hapo ndipo mambo yangeishia kama Elias angekuwa mtu wa kujenga kaburi la saruji kama wengine. Yeye alijenga la malumalu, na juu yake akachongesha maneno ASKARI WA MFALME pamoja na mchoro wa baiskeli. Halafu akapiga picha: kaburi, baiskeli yenyewe imeegemezwa kando, na yeye mwenyewe amevaa miwani ya jua. Akaitupa mtandaoni.

Miezi ikapita. Siku moja Mzungu mmoja, mstaafu huko kwao Uingereza, akamwandikia. Elias hakuielewa vizuri ile barua, akamtumia Gody aitafsiri, na Gody akanisomea mimi kwa sababu siku hizo umeme ulikuwa umekatika na hakuwa na wa kumsumbua mwingine. Mzungu yule kazi yake ya uzeeni ni kukusanya makaratasi ya baiskeli za jeshi la Waingereza: nani alizitengeneza, kikosi gani kilipewa, nani alitia sahihi alipozipokea. Ana makaratasi ya nchi nyingi lakini kutoka upande wetu hana hata moja. Angeshukuru kupata waraka wowote wa baiskeli ya marehemu. Na tafadhali waangalie chini ya tandiko kama kuna mshale mdogo umegongwa kwenye chuma, maana serikali ya Kiingereza iliweka mshale huo kwenye mali yake.

Elias alisikia jambo moja tu katika barua nzima, kwamba Uingereza inamtafuta baba yake. Akampigia Gody simu.

"Wewe ndiye mwanahistoria wetu," akamwambia. "Tafuta makaratasi. Nauli juu yangu."

Gody alikuja akakaa kwenye benchi la wateja wangu, jasho linamtiririka. Dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwa hakika kwamba makaratasi yale hayapo, na huyo ndiye aliyetumwa kuyatafuta.

"Si umwambie ukweli," nikasema.

"Dada, nikisema Mzee Jilala nilimtunga, kesho atakuja nani pale dukani? Watakuja wote niliowaandikia. Utakuja hata wewe, uniulize na baba yako je."

Niliinama nikaendelea kukata gauni la mteja, na mkono wa gauni nikaukata vibaya kwa sababu yake.

Basi akaenda. Kwetu mtu haendi kutafuta karatasi bila kuwa na karatasi. Mtendaji wa kijiji alimwandikia barua ya utambulisho kwamba mleta barua hii anatafuta baiskeli. Mtendaji wa kata aliposoma akauliza kama imeripotiwa polisi. Gody akaeleza kwamba haijapotea, ipo, anachotafuta ni historia yake. Kata ikaandika barua mpya, ikaongeza neno "ya kijeshi". Kwa neno hilo, alipofika wilayani Bunda walimwomba akae nje kwanza, mtu akapiga simu mahali fulani na mlango umefungwa. Alipotoka Bunda alikuwa na mihuri mingi kuliko mtu anayesafirisha ng'ombe.

Musoma alielekezwa kwenye ofisi moja ya kumbukumbu, kwa dada aitwaye Prudence, mpole, kalamu yake inaning'inia shingoni.

"Faili namba ngapi, kaka?"

"Namba ndiyo siijui, dada."

"Namba huwa imeandikwa juu ya faili."

"Na faili litapatikanaje?"

"Kwa namba."

Wakatazamana. Dada Prudence akamhurumia, akaipokea barua yake, akaigonga muhuri, akamwambia arudi mwezi ujao. Gody akashuka ziwani akala samaki, ngege wa kukaanga kwa nauli ya Elias, akarudi Nyamuswa na matumaini. Ndiyo, matumaini. Hili ndilo lililonishangaza. Alikuwa ameanza kusoma habari za baiskeli zile kwenye simu, ananieleza nikiwa na pini mdomoni: kwamba zipo zilizokunjwa katikati ili askari aruke nazo kutoka kwenye ndege, kwamba zipo zilizokuwa na mahali pa kufungia bunduki. Nikimwambia, "Gody, Mzee Jilala uliyemtunga ni wewe," ananijibu, "Ndiyo, lakini haimaanishi hakuenda."

Mwezi uliofuata alirudi Musoma. Dada Prudence alimpokea kwa tabasamu.

"Bahati yako, kaka. Lipo!"

Faili lilikuwa la kijani, safi, na juu yake limeandikwa kwa herufi kubwa BAISKELI ZA KIJESHI ZA KIINGEREZA. Akalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi moja. Akaanza kuisoma kwa hamu, akafika katikati, akaona maneno anayafahamu. Akaruka mpaka chini, akakuta sahihi yake.

"Dada, hii si barua yangu?"

"Ndiyo. Nilikufungulia faili."

"Na mengine?"

"Mengine hakuna. Mkoa mzima ndilo hilo." Alipoona uso wa Gody umeanguka akamwandikia namba ya faili kwenye kikaratasi, ili asirudi mikono mitupu.

Elias alipoambiwa hakutaka kusikia mlolongo wote. "Kumbe mzee ana faili Musoma!" alisema kwenye simu, kwa sauti niliyoisikia mimi kwenye kibaraza changu. Na huwezi kumbishia, faili lilikuwepo. Siku ya pili mji mzima ulijua namba yake.

Gody alipita pia Bunda, kwenye ghala kuukuu la chama kimoja cha zamani cha ushirika wa pamba, kwa kuwa kuna mtu alimwambia kwamba makaratasi ya wakati wa Mkoloni yalihamishiwa kule. Alimkuta mlinzi, Dotto, anafuga kuku ndani. Makaratasi yalikuwa yameliwa na mchwa, rundo zima limebaki udongo.

"Wala usihuzunike," Dotto akamwambia. "Hapa hakukuwaga na mambo ya jeshi. Yalikuwaga ya wakulima bora tu, wale waliopewaga zawadi. Majembe, mablanketi, baiskeli."

Gody alishukuru akaondoka. Alikuwa anatafuta askari, na mtu anayetafuta askari hana muda na wakulima. Hata aliponisimulia alinisimulia habari za kuku.

Mwisho alifika Butiama, kule Mwitongo, kwa mzee mmoja anaitwa Paschal. Wageni huwa wanapita pale mara mojamoja wakienda kuangalia makumbusho makubwa ya jirani zake, na Paschal kwa kuona wivu kidogo alitenga chumba cha nje akakijaza vibuyu, ngao, na redio moja ya mbao. Aliipenda habari ya baiskeli papo hapo. Ila alisema yeye hapokei vitu vya midomo, lazima kuwe na kumbukumbu. Gody akatoa namba ya faili. Paschal akavaa miwani akainakili kwenye kadi nzuri nyeupe, akasema kwake yeye inatosha. Kama na ule mshale wa serikali ya Kiingereza utaonekana, itakuwa vizuri zaidi. Wakapanga Jumamosi ya kumkabidhi baiskeli. Elias akaagiza mbuzi.

Angalia sasa. Kuna mtendaji wa kijiji, wa kata, wilaya, mkoa, Mzungu, Paschal, na mbuzi. Wote hao walikuwa wamehusishwa. Hana, ambaye baiskeli ilikuwa inalala nyumbani kwake, hajaulizwa hata imeamkaje.

Gody alikwenda kwake siku chache kabla, lakini ni kwa ajili ya kuiazima ikakaguliwe. Hana alimwuliza inakwenda wapi. Kwa Renatus, fundi baiskeli, akamjibu. Hana akasema irudi kabla jua halijazama maana kesho yake ana maji ya kuchota.

Renatus aliisugua kwa mafuta ya taa chini ya tandiko. Hakukuwa na mshale. Palikuwa na alama moja Gody akaishangilia.

"Huo ni mkwaruzo wa spana," Renatus akamwambia, "na spana ilikuwa ya kwangu."

Gody akasogea karibu. Halafu, kwa sauti ya chini: "Kwani wewe huwezi kuuweka? Mshale."

"Mshale wa kuelekea wapi?"

Gody akamwonesha picha kwenye simu. Renatus akachukua patasi na nyundo, akagonga mara chache, akapuliza vumbi. Ukawa mshale mzuri kabisa. Gody akaupiga picha, akaituma Uingereza, na baiskeli ikarudi kwa mwenyewe jua likiwa bado juu.

Mzungu alijibu kwa adabu nyingi. Alisema mshale umegongwa vizuri ila chuma chake bado kinang'aa, umegongwa juzijuzi. Alisema kwa kuangalia mfuniko wa mnyororo na umbo la usukani, hii ni baiskeli ya kiraia, ya aina iliyouzwa miaka mingi baada ya vita, karibu na Uhuru au baada yake. Anasikitika. Ila ni baiskeli nzuri na imetunzwa vizuri.

Nikasema haya, yamekwisha. Gody akampigia Elias akamsomea yote, neno kwa neno, na nakiri hapo alifanya kiume.

"Ya kiraia," Elias akasema. "Sasa huyo Mzungu alitaka wampe mzee ya jeshi ya nini, na vita imeshaisha?"

Gody aliweka simu chini akaniangalia. Nikaona machoni mwake kwamba jibu lile limemwingia, na nikatamani kumchoma na sindano.

Jumamosi Elias alikuja asubuhi na pikapu, amevaa suti. Alipaki mbele ya steshenari ili achukue wasifu uliotiwa fremu, kisha waende wakaipakie baiskeli kule nyumbani. Hawakuhitaji kwenda. Tuliiona inatokea kalvati, Hana anaikokota, dumu la maji tupu limefungwa kwenye keria. Alipofika hakuiegemeza kwa Gody. Aliiegemeza kwenye nguzo yangu.

"Shikamoo mama," tukasema wote watatu.

Hakuitikia. Mtu wa rika lake kuwanyima watoto marahaba ni jambo zito, hata Elias alivua miwani. Hana akaweka kidole chini ya tandiko.

"Nani kaipiga hii chapa?"

Gody akatazama mlango wa duka lake.

"Ninyi ni watoto wa wafugaji. Ng'ombe wangu akienda kwenu kuazimwa, akarudi na chapa ya mtu mwingine, huwa tunaitaje?"

"Wizi, mama," Gody akasema.

"Haya. Huu mshale ni chapa ya nani?"

Gody akajibu. "Ya Mfalme wa Uingereza."

"Basi mwambieni aje mwenyewe. Aje anieleze alipalilia mistari mingapi."

Elias akaanza kusema habari za heshima ya baba, na Mwitongo, na wageni watakaosoma jina lake. Hana alimwacha amalize. Kisha akavuta benchi langu, akakaa, akamgeukia Gody.

"Washa mashine yako. Niandikie wa kwangu."

"Wa kwako nini, mama?"

"Wasifu. Unasubiri nife ndiyo uandike mambo yako? Andika sasa nikiwa nasikia."

Gody akageuza kompyuta itazame kibarazani. Hana akasema, naye akataipu. Alisema amezaliwa kwa watu wa kulima. Aliolewa na Jilala akiwa binti, Jilala mtu mzima tayari, mwanaume mpole. Alisema wakati wa vita ya Waingereza, wenye kukusanya vijana walipopita, mama mkwe wake alimficha Jilala kwenye kihenge cha mtama mpaka wakaondoka, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyemhadithia, tena akicheka. Elias alishika nguzo. Mama akaendelea. Alisema shamba la pamba lilikuwa la mkono wake, na mwaka mmoja baada ya Uhuru lilishinda mashamba yote ya upande huu, chama cha ushirika kikatoa zawadi kwa mkulima bora.

"Zawadi ilikuwa baiskeli," akamwambia Elias. "Kadi ya chama ilikuwa na jina la baba yako, kwa hiyo wakamwita yeye. Akaenda Bunda akapigiwa makofi, akarudi nayo kwa miguu anaikokota, maana hakujua kuipanda. Alijaribu mara moja, ikamtupa kwenye pamba, akaapa. Mimi nikajifunza kule shambani. Andika. Baiskeli ilikuwa ya Hana."

Vidole vya Gody vikasimama juu ya herufi. Huyu ni mtu aliyempeleka Jilala vitani bila hata nauli, aliyemfanya baba yangu mlezi mwema, aliyemzika katekista kwa sifa za mkunga. Alimtazama mama yule akamwuliza, kwa upole kabisa:

"Mama, kwa hilo la baiskeli, una karatasi?"

Nilitupa mkasi chini. Nilikuwa tayari kusema maneno ambayo mwanamke wa kanisani hasemi barabarani. Lakini Hana alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akajifuta macho, akamgeukia mwanawe.

"Elias. Ulipougua surua, nani alikupeleka Bunda?"

"Baba," Elias akasema upesi. Halafu akaiangalia ile keria, yenye dumu. Lile lijitu na suti yake, midomo ikaanza kumcheza.

"Nilikuwa nimefungwa kwa kanga," akasema taratibu. "Nyuma hapo. Kulikuwa na kitenge mbele yangu. Cha njano. Upepo ulikuwa unakipeperusha, kinanipiga usoni."

"Baba yako alikuwa na kitenge cha njano?"

"Hapana, mama."

Akalia. Sijui kama nilimpenda Elias kabla ya hapo, ila pale nilimpenda. Alilia mbele ya steshenari, watu wa gulio wanapita. Mama yake alimwacha alie, akatueleza yaliyobaki kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehesabu mbegu. Kwamba siku zote za gulio alikuwa anaendesha yeye, mzee amekaa kwenye keria na kofia yake. Wakifika kalvati anashuka, anampa mumewe usukani, yeye anachukua mzigo kichwani. Wanawake wa kule wote walijua. "Ili asiaibike," akasema. "Alikuwa mume mzuri. Hakuwahi kunipiga. Na mpaka leo magoti yangu kutembea hayataki, ila kuzunguka yanakubali. Mkiichukua hii, nani ataniletea maji? Mfalme?"

Elias alipata sauti. "Lakini mama, kwenye jiwe tumeshachonga."

"Liacheni," Hana akasema. "Alizoea kupokea baiskeli ikishafika."

Gody alimaliza kutaipu, akamsomea yote. Mwishoni vidole vyake, kwa mazoea, viliweka lile pengo lisilozibika. Hana akamwambia alitoe, yeye bado yupo. Likatolewa.

Mbuzi aliliwa hapahapa. Paschal kule Mwitongo hakupata baiskeli, lakini kadi yake ilikuwa imeshaandikwa vizuri, akaona hasara kuitupa. Ameibandika ukutani na namba ya faili ya Musoma, chini yake pako wazi, na nasikia wageni wanapapiga picha. Gody aliogopa wiki nzima kwamba watu watakuja kuwadai wazee wao. Hawakuja. Waliokuja ni wanaume wazima, mmojammoja, wakitaka waandikiwe mapema kabla wake zao hawajawahi. Mimi nilijiandaa kumwuliza habari za baba yangu. Nilivuka mpaka mlangoni kwake, nikaomba kopi ya kitu kingine, nikarudi.

Siku ya gulio mimi hukaa hapa na cherehani yangu, uso kwenye barabara. Mwanzoni nilidhani Hana anaikokota baiskeli kwa sababu ya uzee. Kumbe siku zote tangu azike mumewe alikuwa anashuka palepale, anaikokota mpaka sokoni, hakuna wa kumpa usukani, anakokota tu. Jumamosi iliyopita nilimwona anatokea na dumu lake tupu kwenye keria, kitenge kimefungwa juu ya magoti. Alifika kalvati, hakushuka. Alipiga kengele, akapita.